Changu wa Kupaka na Glasi Nyekundu: Kisa cha Mlo Mmoja Malindi

Sahani ya tatu ndiyo iliyoharibu shughuli. Mpaka hapo wageni 14 walikuwa wakila, wakinywa na kuchekeana, na mwenyeji wetu akipita nyuma ya viti mikono mgongoni kama baba wa bibi harusi. Alipoletwa changu wa kupaka pamoja na mvinyo mwekundu, meza ikanyamaza. Mmoja akaomba maji. Wa pili naye akaomba maji. Kufika nusu ya samaki, glasi nane zilikuwa zimesukumwa mbali na sahani, zimejaa vile vile.

Mimi nafundisha huduma za mezani, na kisa hiki nakiandika kwa ajili ya vijana wangu wanaotafuta kazi kwenye hoteli za pwani. Nilikwenda kama mgeni, nikapunguziwa nusu ya bei ya shilingi 6,500, kwa hiyo sina deni la kumsifu mtu wala kinyongo cha kumchongea. Jina la nyumba halina kazi hapa.

Ilikuwa mwisho wa Januari, kaskazi ikivuma, na lile joto la Malindi ambalo shati hulowa na kukauka mara mbili kabla ya isha. Wazo la mwenyeji lilikuwa zuri na ningali nalitetea. Mji huu umezoea mvinyo tangu Waitaliano walipoanza kuja kwa wingi, baada ya kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti kujengwa kule Ngomeni miaka ya 1960. Weita wa hapa ambaye hajawahi kuonja tone atakutajia Chianti na Prosecco kwa matamshi ambayo hata Mroma hatayatilia shaka. Ila mvinyo huo hutoka ng'ambo, na kinachokaa pembeni yake mara nyingi ni pasta. Mwenyeji alitaka kuligeuza jambo: kila kilicho kwenye sahani kitoke kaunti ya Kilifi, na kila kilicho kwenye glasi kitoke upande wetu huu wa Afrika.

Chupa zilikuwa za aina nne. Sauvignon Blanc, mvinyo mweupe, ya Naivasha, ambako zabibu hulimwa juu ya mita 1,800 na baridi ya usiku huzihifadhia uchachu wake. Chenin Blanc ya Dodoma, mweupe pia. Mwekundu wa Ethiopia, kutoka mashamba ya karibu na Ziwa Ziway, ambako chupa za kwanza za mradi mkubwa wa Wafaransa zilitoka mwaka 2014. Na wa kufungia, mvinyo mtamu, wa Dodoma pia. Dodoma nayo ina mkono wa Waitaliano: wamisionari walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950. Kwa kuwa kule hakuna baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huulaza mwenyewe kwa kuupogoa, na ndiyo maana anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Nilimwona mgeni mmoja wa Kiitaliano akiisoma ile lebo ya Dodoma kwa muda mrefu, kama mtu aliyekutana na binamu yake stesheni ya basi.

Chakula je? Chaza wa Mida, kamba na muhogo, changu, mbuzi wa Ganze, halafu embe ngowe na korosho. Chumvi ilikuwa ya Gongoni. Hapo hapakuwa na la kusahihisha.

*Glasi tatu tatu*

Kabla ya kufika kwenye samaki kuna jambo la mlangoni, na nisipolisema nitakuwa nimekisimulia kisa nusu.

Kati ya tulioalikwa, wanne hawanywi kabisa. Wawili kati ya hao wanne ndio waliotulisha: mama muuza samaki wa sokoni, na mzee anayelima mchicha, kunde na mabamia kando ya mto Sabaki. Mwaliko ulisema "mlo wa mazao yetu", basi. Neno mvinyo halikuwamo. Mzee alifika na kanzu iliyopigwa pasi, akakuta meza imepangwa glasi tatu tatu kila kiti, akamwuliza mhudumu kwa sauti ya chini, akajibiwa. Dini yake haimkatazi kunywa tu, inamkataza hata kukaa mezani pombe inapozungushwa. Mwenyeji akamkimbilia.

"Mzee wangu, tafadhali, tutakuondolea zako."

"Zangu utaziondoa, mwanangu. Za jirani yangu utazipeleka wapi?"

Hakuwa na hasira hata kidogo. Akazunguka nyuma, akakaa kwenye baraza ya jikoni, na huko ndiko alikokula mlo ulioandaliwa kumheshimu yeye. Mama wa samaki yeye alikaa. Alizipindua glasi zake zote tatu kifudifudi, akavuta buibui lake vizuri, akaendelea na mazungumzo.

Wanafunzi wangu hupenda kuanza uchambuzi pale pombe ilipogusa ulimi. Kosa la kwanza la usiku ule lilitendeka siku mwaliko ulipoandikwa, wiki mbili kabla jiko halijawashwa, na hakuna chupa ambayo ingelirekebisha.

*Mezani*

Chaza sitawachelewesha nao. Chumvi, tone la ndimu, Sauvignon ya Naivasha baridi. Kila mtu aliridhika, na watu wakagombea wa mwisho. Kamba nao walikwenda vizuri, tena vizuri kuliko nilivyotarajia. Muhogo uliopikwa kwa tui una mafuta na utamu wa chini chini unaoufunika ulimi, na uchachu wa Chenin ukawa unaupangusa kila baada ya tonge mbili. Kama karamu ingeishia hapo, mwenyeji angelala na jina.

Sasa changu.

Mpishi ni mama wa makamo kutoka Shella, hii yetu ya Malindi, si ile ya Lamu. Nilipitia jikoni mapema, saa kumi na moja, nikamkuta ameshampasua samaki mgongoni, amemchanja, amempaka kitunguu saumu, tangawizi, chumvi na ndimu. Pembeni sufuria ya tui zito la kwanza ilikuwa ikichemka polepole na bizari manjano, pilipili mbichi na ukwaju uliokamuliwa mzito kama uji. Alichota kwa kijiko, akapuliza, akaonja, akaongeza ukwaju. Akaonja tena, akaongeza tena.

"Shikamoo mama. Ukwaju wote huo?"

"Marahaba. Changu mwenyewe mkubwa, mwanangu. Ukwaju ukiwa haba, tui litakuchosha kabla hujafika mkiani."

Neno hilo ndilo ufunguo wa kisa kizima, nami nililipita kama mtu anayepita mlango wa jirani.

Samaki alipofika mezani alikuwa na ngozi iliyoungua kingoni, na mchuzi umemshika, hauteremki. Nilikata kipande cha mgongoni. Kwanza ulikuja moshi, kisha tui, kisha ukwaju ukavuta mashavu, na pilipili ikajikalia nyuma ya ulimi kwa adabu zake. Nikanywa ule mwekundu. Pilipili iliyokuwa imetulia ikaamka kama kaa lililopulizwa. Ukakasi ukabana ufizi, ule ule wa bibo ambalo halijaiva. Na baada ya kumeza kukabaki ladha ya msumari, kana kwamba nimelamba kisu.

Nikaishika chupa. Ilikuwa vuguvugu. Tangu alasiri ilisimama juu ya kabati la kulia chakula, kwa sababu mhudumu alifundishwa kwamba mwekundu hunywewa kwa joto la chumba. Amefundishwa sawa. Ila waliotunga kanuni hiyo walikuwa na vyumba vya mawe huko Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba chetu kilikuwa nyuzi 29 na feni inazunguka. Mvinyo ukipata joto hilo, kileo chake hupanda puani kwanza na matunda yake hupotea, na kama una ukakasi, unabaki huo na kileo, basi. (Nakiri: huenda mhudumu yule alipita darasani kwangu. Sikumwuliza.)

Mwenyeji aliponiona namtazama alinisogelea. "Mwalimu, huyu samaki amechomwa makaani. Moshi na mwekundu si ndugu?"

Hiyo si hoja ya kijinga. Alikuwa ameshaivuka ile kanuni ya watalii ya mweupe kwa samaki na mwekundu kwa nyama, akajiuliza chakula kimepikwaje, na hilo ni swali la mtu anayefikiri. Mbavu za ng'ombe zingempa haki. Tatizo ni kwamba aliutazama moto akausahau mchuzi, na pwani chakula ni mchuzi. Samaki, kuku, muhogo, mbaazi, vyote hivyo ni vyombo vya kubebea tui, ukwaju, ndimu na pilipili. Ukimchagulia mvinyo samaki, umemchagulia punda ukamwacha aliyempanda.

*Kilichotokea kwenye ulimi*

Ukakasi wa mvinyo mwekundu unatokana na tanini, iliyomo kwenye maganda na kokwa za zabibu. Tanini hutafuta protini ya kushikana nayo. Ikikuta nyama, inashikana na nyama, na wewe unasikia ulaini. Isipokuta nyama ya kutosha inashikana na mate yako, na mdomo unakauka. Changu si mbuzi. Hana mafuta ya kutosha kuituliza. Kisha pilipili. Kileo huuchochea ule mwako wake, na vuguvugu huongeza petroli. Na ile ladha ya msumari inatokana na madini ya chuma, ambayo mvinyo mwekundu mara nyingi huwa nayo mengi kuliko mweupe: yakikutana na mafuta ya samaki, huzaa harufu ya shombo na ladha ya chuma mdomoni.

Hayo matatu yanajulikana, na mwanafunzi mzuri atayataja kwenye mtihani. La nne ndilo ninalotaka alibebe. Uchachu wa ukwaju unatoka zaidi kwenye asidi ya tatariki, na hiyo hiyo ndiyo asidi kuu ya zabibu. Ukwaju na mvinyo ni watoto wa mtu na dada yake. Wakikutana mezani, aliye mchachu zaidi humnyamazisha mwenziwe: chakula kikimzidi mvinyo kwa uchachu, mvinyo hupwaya, na kilichokuwa kimefichwa nyuma ya uchachu wake hujitokeza uchi. Mama aliongeza ukwaju mara mbili mbele ya macho yangu. Kila kijiko alichoongeza kiliiondolea ile chupa nguo moja.

Ushahidi ulikuwa umekaa mkono wangu wa kulia. Wasiokunywa walikuwa wamepangiwa soda, na soda zenyewe za machungwa. Mama jikoni hakuridhika. Akauchukua ukwaju uliobaki kwenye bakuli, akauchemsha na sukari, tangawizi na iliki, akauchuja, akautia barafu, akampa mhudumu bila kumwuliza mtu. Muuza samaki alikuwa akila changu wake na kunywa juisi ile kwa mwendo mmoja, kama mtu anayetembea njia ya nyumbani. Akageuka.

"Mwalimu, mbona jasho linakutoka? Hebu onja hii."

Nikaonja. Utamu uliilaza pilipili, tangawizi ikaufuata moshi, na ukwaju wa glasi ukaupokea ukwaju wa samaki pasi na ugomvi. Katika vinywaji vyote vya usiku ule, kile ambacho hakikuwamo kwenye menyu ndicho kilichokaa na chakula chake sawasawa. Waliolipa 6,500 walipata msumari. Aliyepindua glasi akapata ndoa. Naomba radhi kwa kucheka, lakini nilicheka.

*Tulivyookoa kilichookoleka*

Mgeni hapangi jiko la mwenzake, kwa hiyo nilimnong'oneza mwenyeji tu, naye akanisikia, na kwa hilo anastahili sifa. Mwekundu uliondolewa mezani wote ukatiwa kwenye ndoo ya barafu na maji, dakika 20. Nasisitiza maji: barafu peke yake hugusa chupa hapa na pale, maji huizunguka yote. Chenin iliyobaki, chupa moja na nusu, ikarudishwa kumalizia samaki. Haikuwa ndoa, ilikuwa amani. Ilikuwa na utamu kidogo na baridi ya kutosha, na hayo mawili yalitosha kuirudisha meza kwenye mazungumzo.

Mbuzi alipokuja, ule ule mwekundu uliotufanya tuombe maji ulikuwa umeshuka karibu na nyuzi 18. Kulikuwa na mafuta, kulikuwa na chumvi, kulikuwa na mfupa wa kutafuna. Mtu aliyefika kwenye mlo kwa kuchelewa asingeamini kwamba ndio huo. Mgeni mmoja aliuliza kama tumefungua chupa nyingine. Mtego pekee ulikuwa mchunga, ile mboga chungu ya majani, uliowekwa pembeni na sima. Uchungu wake ni mtamu kwa anayeuzoea, nami nimekulia kwenye huo, lakini ukiufuatisha na tanini uchungu unakuwa wa dawa. Nilikula mchunga wangu na maji, nikamwachia mbuzi mvinyo.

Kitindamlo nacho kilikuwa na lake. Mvinyo mtamu ulikwenda vizuri na ngowe na korosho, mpaka mtu wa jikoni alipoona vema kuongeza kaimati zilizolowa shira. Kinachonywewa kikizidiwa utamu na kinacholiwa, huwa kama maji ya kusukutulia. Dakika tano, kisha watu wakaacha glasi wakala kaimati, na siwezi kuwalaumu.

*Chupa ambayo haikuwekwa*

Nilimwuliza mwenyeji kwa nini mnazi, tembo letu la pwani, haukuwamo. Akasema mnazi si mvinyo. Baba yangu alikuwa mgema, akipanda asubuhi na jioni kuukata upya mdomo wa karara, na posa za kwetu haziendi bila kadzama la mnazi. Kwa hiyo hapa chukulieni maneno yangu kwa chumvi kidogo.

Lakini tulipime jambo lenyewe. Tembo la mnazi huanza kuchachuka lingali mtini, kwa chachu ya hewani, na kufika jioni ya siku ile ile lina kileo cha kiasi cha asilimia 4 au 5 tu. Utamu haujaisha wote, na lina povu jepesi linalosafisha ulimi. Kileo kidogo kwa ajili ya pilipili, utamu kidogo kwa ajili ya pilipili hiyo hiyo, uchachu na povu kwa ajili ya tui. Ungemwomba fundi akutengenezee kinywaji cha samaki wa kupaka, angekutengenezea hicho. Ugumu ni kwamba mnazi haungoji. Ulio mtamu asubuhi ni mkali usiku, na kesho yake umeshika njia ya kuwa siki. Huwezi kuuweka kabatini ukisubiri wageni. Lazima umfahamu mgema, ujue anashuka saa ngapi, na pikipiki iwe imemngoja chini ya mti. Hiyo kwangu ndiyo maana ya neno "mazao yetu". Chupa ya Ziway imesafiri mbali sana kuliko hapo, na hakuna aliyeiuliza saa.

Hata hivyo mnazi usingemrudisha mzee wa Sabaki kwenye kiti chake, na hapa sikubaliani na wenzangu wawili tuliozungumza nao baadaye. Mmoja alisema ziwekwe meza mbili. Mwingine akasema mvinyo utolewe kwa vikombe vya chai, na hilo sitalijibu. Meza mbili ni kumwalika mtu kisha kumwonyesha kona yake. Mimi ningefanya karamu ya wakulima na wavuvi mchana, bila glasi hata moja, juisi ya ukwaju na madafu mezani kwa wote, mwenyeji akiwemo. Ya mvinyo ningeiweka usiku mwingine na kuiandika wazi kwenye mwaliko, kila mtu achague akiwa kwake.

Mzee mwenyewe nilimkuta barazani nilipokwenda kumuaga mpishi. Sinia lao lilikuwa limebaki miiba mitupu.

"Umeshiba, mwalimu?"

"Nimeshiba, mzee."

"Mbona samaki wenu wamerudi nusu?"

Juzi mwenyeji amenipigia simu. Anataka kurudia kabla ya Ramadhani, safari hii ile ya usiku peke yake, na mwaliko ameshaniletea niusome. Alitaka kujua aanze kuagiza chupa zipi. Nikamwambia kwanza aende jikoni akaulize ukwaju utakuwa kiasi gani. Alikwenda na simu mkononi, nikawa nasikia visigino vyake sakafuni, mlango, sufuria, kisha sauti ya mama:

"Sasa ukwaju nitaujuaje, baba, na samaki hajaletwa?"